Mkono Watetemeka, Nafsi Nayo Je?

Mjomba wangu alifundisha shule ya msingi huko Kilifi kwa miaka 32, na hati yake ubaoni ilisifiwa hata na wakaguzi. Herufi zake zilisimama wima kama wanafunzi katika gwaride la asubuhi. Alipostaafu aliendelea kuniandikia barua, maana simu hakuiamini, na ni katika barua hizo ndimo nilimoona, bila kujua ninachokiona, dalili ya kwanza ya maradhi yake. Hati ilianza kupungua. Mstari ulianza kwa herufi za kawaida, ukaishia kwa herufi ndogo mfano wa punje za mtama, kana kwamba mwandishi alikuwa akiondoka zake huku akiandika. Mimi nilidhani ni uzee. Mkazamjomba alidhani ni ubahili wa karatasi, akawa anamtania.

Baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, hasa ulipokuwa umetulia pajani bila kazi. Hilo kila mtu aliliona na kila mtu akawa na jina lake: kiharusi, baridi ya mifupa, mkono wa mtu. Hata hivyo yaliyomtesa mwalimu huyo, na yaliyowatesa waliomzunguka, hayakuwa mkononi. Alinyamaza. Mtu aliyezoea kuzungumza barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, sasa aliketi uso mkavu, hacheki wala hanuni. Rafiki zake wakasema pensheni imempandisha kichwa. Kisha usiku akaanza kuona watoto. Walikuwa wamevaa sare, wamejipanga ukutani, hawasemi neno. Naye akawa anamwuliza mkewe, kwa upole kabisa, kwa nini wanafunzi hao wamesimamishwa hali viti vipo.

Akapelekwa hospitali. Sitaitaja, maana kosa lililotendeka huko lingaliweza kutendeka mahali pengine pengi. Aliyempokea alisikia habari za watoto wasioonekana, akaandika dawa ya wazimu. Haikupita juma moja mjomba akawa gogo. Hakuweza kujigeuza kitandani, mate yalimshinda kumeza, na sauti iliyokuwa imebaki ndogo ikakatika. Tulianza kunong'onezana habari za sanda. Aliyemwokoa ni daktari kijana aliyekuwa zamu siku ya Jumamosi; aliutazama mkono, akaitazama orodha ya dawa, akaifuta dawa moja kwa kalamu. Baada ya siku kadhaa mzee akaomba uji.

Msomaji wangu ataniuliza: wewe ni mwalimu wa isimu, udaktari wako ni wa nomino na vitenzi, wayajuaje mambo ya ubongo? Swali ni la haki. Najibu kwamba niliyajua kwa kulazimika, nikasoma kwa hofu ya jamaa aliye na mgonjwa. Nilipokuwa nikisoma niligundua kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili ni tatizo la lugha, nami nina haki ya kulisemea.

Ugonjwa wenyewe una jina la tabibu Mwingereza, James Parkinson, ambaye mwaka 1817 alichapisha kijitabu kuhusu kile alichokiita kupooza kwa mtetemo. Alieleza habari za watu sita tu, na baadhi yao aliwaona njiani wakipita. Maelezo yake ya mwendo, mgongo uliopinda na mtetemo yangali yanasifiwa hadi leo. Lakini katika sentensi zake za mwanzo aliweka neno moja lililoleta madhara ya muda mrefu: kwamba fahamu na akili za mgonjwa hazidhuriki. Kwa zaidi ya karne moja waganga waliirithi kauli hiyo kama wasia. Mgonjwa wa Parkinson akawa ni mtu wa misuli na viungo. Aliposema kwamba moyo umemwinamia, aliambiwa kwamba nani asingehuzunika kwa hali kama hiyo.

Sasa inajulikana kwamba mambo sivyo yalivyo. Ndani ya ubongo, chini kabisa karibu na shina lake, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Seli hizo hufa polepole, na ndani ya zinazobaki hujikusanya uchafu wa protini katika umbo la vijitufe, ambavyo huitwa kwa jina la Lewy, tabibu aliyevieleza mwaka 1912. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake, huko Vienna, walionyesha kwamba bongo za waliokufa kwa ugonjwa huu zilikuwa na upungufu mkubwa wa dopamini. Mwaka 1967 George Cotzias, katika Marekani, akaonyesha kwamba mgonjwa akipewa levodopa kwa kipimo kikubwa kilichoongezwa taratibu, aliyekuwa hawezi kusimama husimama. Ilikuwa kama muujiza, na muujiza huo ukazidi kuwashawishi watu kwamba jambo lote ni la mwendo.

Lakini dopamini haifanyi kazi ya kusukuma mikono na miguu peke yake. Ni hiyo hiyo inayomtia mtu hamu ya kuamka, kutarajia, kufurahia ladha ya kitu kabla hajakipata. Isitoshe, maradhi haya hayaishii katika kijisehemu hicho cheusi. Huharibu pia mifumo mingine ya kemikali inayosimamia usingizi, hofu na kumbukumbu. Kwa hiyo huzuni na wasiwasi wa mgonjwa wa Parkinson si majibu ya moyo kwa msiba wa mwili tu. Kwa wengi hutangulia mtetemo kwa miaka. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2008, ulikadiria kwamba wagonjwa wapatao 35 katika kila 100 wana dalili za sonona zinazostahili kushughulikiwa. Utafiti wa Sydney, uliowafuata wagonjwa kwa miaka 20, ulikuta kwamba miongoni mwa waliokuwa bado hai asilimia 83 walikuwa wamepata upungufu mkubwa wa akili. Tabibu wa 1817 hakuwafuata watu wake kwa miaka 20.

Halafu kuna kisa cha dawa zenyewe, na hapa ndipo pananishangaza zaidi. Zipo dawa zinazoiga dopamini, mojawapo ikiwa pramipeksoli. Husaidia sana. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa huwasha tamaa ambazo hazikuwako: kamari, ununuzi wa vitu visivyohitajika, ulaji usio na kikomo, ashiki. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 3,090, ulikuta kwamba 13.6 katika kila 100 walikuwa na angalau mojawapo ya matatizo hayo. Kwa waliokuwa wakitumia dawa hizo idadi ilikuwa 17.1, na kwa wasiozitumia 6.9. Fikiria jambo hilo katika nchi yetu, ambamo kijana na mzee wote wanabeba duka la kamari mfukoni ndani ya simu. Mzee wa kanisa aliyeishi miaka 60 bila kucheza hata karata anapoteza shamba katika ubashiri wa mpira wa Uingereza. Nani kati ya jamaa zake atafikiri kuulizia vidonge vyake? Watamwita mpotevu, naye atajiita hivyo hivyo.

Kwa upande wa pili wa mzani zipo dawa zinazoizuia dopamini, nazo ndizo zinazotumiwa kwa kawaida dhidi ya wazimu. Haloperidoli ni mojawapo, tena ni ya bei nafuu na hupatikana hata katika zahanati ndogo. Kwa mgonjwa wa Parkinson dawa hiyo ni sawa na kukiziba kisima kilichokwisha kupungua maji. Ndiyo iliyomfanya mjomba gogo. Zipo nyingine, kama klozapini na kwetiapini, ambazo kwa kipimo kidogo hutumiwa kwa wagonjwa wa namna yake bila kuwagandisha kiasi hicho, ingawa klozapini hudai damu ipimwe mara kwa mara. Hata dawa moja ya kawaida ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, huzuia dopamini na haimfai mgonjwa huyu. Mambo haya si siri ya wataalamu wakuu, yameandikwa vitabuni. Lakini kuyafikia kunahitaji kwanza mtu atambue kwamba mzee anayeona watoto ukutani na mzee anayetetemeka ni mzee mmoja.

Utambuzi huo, yaani kuunganisha dalili za nafsi na dalili za mwendo, ndio uwanja ambao sasa hivi watafiti wengi vijana wanaulima. Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani mtu akishahitimu uzamifu hupewa miaka miwili au mitatu ya kufanya utafiti tu, akiwa karibu na wagonjwa, chini ya mtaalamu mkongwe. Huketi na wagonjwa wa Parkinson, au wa Huntington, ugonjwa wa kurithi ambao jeni yake iligunduliwa mwaka 1993 na ambao mara nyingi hubadilisha hasira na hisia za mtu kabla haujaanza kuuchezesha mwili wake. Humwuliza mgonjwa maswali, humwuliza mkewe au mumewe, hupima kumbukumbu, hulinganisha majibu na picha za ubongo, hurudia baada ya mwaka. Kazi hiyo haina kishindo wala haitangazwi redioni. Lakini ndiyo iliyotufikisha kujua kwamba mgonjwa aliyenyamaza anaweza kuwa hana huzuni kabisa.

Hilo nalo lahitaji maelezo. Wataalamu hutenganisha sonona na hali nyingine ambamo mtu hateseki, halii, hajilaumu, ila ile nguvu ya kuanza jambo imezimika. Ukimwambia twende, ataenda. Usipomwambia, ataketi pale pale mpaka jua lichwe. Inakadiriwa kwamba wagonjwa wapatao 4 katika kila 10 wana hali hiyo. Na tiba zake si moja: vidonge vya kuondoa huzuni havimsaidii asiye na huzuni. Kwa hiyo kuzitenganisha hali hizi mbili ni jambo la maana katika matibabu. Sasa naomba mwalimu mwenzangu aniambie: hali hiyo ya pili tunaiitaje kwa Kiswahili?

Nimeona fasiri inayoiita kutojali. Nimeona nyingine inayoiita uvivu. Nasema bila kuficha kwamba fasiri hizo ni mbaya, na ubaya wake si wa mtindo. Kutojali ni hukumu. Ni neno la mwalimu mkuu kwa mwanafunzi mtoro. Ukimwuliza mke wa mgonjwa kama mumewe hajali, unamwuliza kama ndoa yake imekufa. Mke mwenye heshima zake atajibu la, mume wangu ananijali sana, na katika karatasi ya mtafiti dalili hiyo itaandikwa kwamba haipo. Kwa upande wangu napendelea kitenzi kuzizima, ambacho wasemaji wa pwani hukitumia kwa maji yaliyopoa sana na kwa mahali palipotulia tuli. Mzizimo wa moyo. Aliye na neno bora zaidi na alilete. Sitagombana naye, mradi lisiwe neno la kumlaumu mgonjwa.

Si kweli kwamba Kiswahili ni maskini katika mambo haya, ingawa kuna watu, tena wenye shahada, wanaopenda kusema hivyo. Tunalo neno maruweruwe, ambalo ni la zamani na lina maana hasa ya kuona yasiyokuwapo. Kwa nini basi fomu zitumie mapepo, na kwa nini nyingine zitumie ndoto, ilhali mjomba hakuwa amelala? Tunacho kitenzi kusononeka, ambacho wanaistilahi walikichukua wakatupa sonona. Tunao wasiwasi, fadhaa, dukuduku, kiherehere, na tofauti zilizo baina yao mwanamke wa Lamu ambaye hakuingia darasani huzijua kuliko mimi. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka tofauti hizo mbele ya daktari.

Nitatoa mfano wa sarufi, maana hapo niko nyumbani kwangu. Fomu nyingi za kupima sonona zina maswali ya kukanusha. Mgonjwa huulizwa, mathalani, hufurahii tena mambo uliyoyapenda zamani? Mzee aliyekulia katika Kiswahili cha nyumbani, akiwa amepoteza furaha hiyo, atajibu ndiyo. Maana yake ni kwamba ndiyo, usemavyo ni kweli, sifurahii. Kijana aliyezoea Kiingereza, akiwa katika hali ile ile, atajibu hapana. Wagonjwa wawili wenye ugonjwa mmoja wamejibu kinyume, na mashine ya kujumlisha alama haina masikio ya kusikia kiimbo. Nimelieleza jambo hili kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili na wakalielewa kwa dakika tano. Wakaniuliza kwa nini wanaotafsiri fomu hawalijui. Nikawaambia kwamba kwa desturi fomu hutafsiriwa, kisha mtu mwingine huirudisha kwa Kiingereza, na Kiingereza cha pili kikifanana na cha kwanza watu hupeana mikono. Swali langu la kukanusha litarudi Kiingereza salama salimini. Kosa haliko katika swali, liko katika jibu, na hakuna anayelitafsiri jibu.

Vipimo vya akili navyo vina visa vyake. Kile maarufu kilichotungwa Marekani mwaka 1975 humtaka mgonjwa arudie fungu la maneno madogo ya Kiingereza ambalo ugumu wake wote umo katika sauti zake. Lifasiri kwa Kiswahili, ugumu unatoweka na inabaki sentensi ya ajabu. Kipimo hicho pia huuliza sasa ni majira gani ya mwaka. Nahodha mstaafu wa Lamu atajibu kwa pepo anazozijua, kaskazi au kusi, naye atakuwa sahihi kabisa. Lakini je, anayejaza fomu akiwa na majira manne ya Ulaya kichwani atampa alama? Mwisho humwagiza mgonjwa aandike sentensi na kuchora maumbo. Bibi ambaye hajapata kushika kalamu maisha yake yote atashindwa, na atahesabiwa kuwa amepoteza alichokuwa hajapewa.

Ndiyo maana naiheshimu sana kazi iliyofanywa jirani, katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa wakazi zaidi ya 161,000, wakawakuta wagonjwa 33 wa Parkinson; matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walio wengi kati yao walikuwa hawajapata kuambiwa na yeyote kwamba ugonjwa wao una jina. Baadaye, mwaka 2011, yakatolewa mahojiano ambamo wagonjwa na jamaa zao walieleza kwa maneno yao wenyewe, nao waliuita ugonjwa wa kutetemeka. Katika wilaya hiyo hiyo kiliandaliwa kipimo cha akili kwa watu wasiosoma. Badala ya kalamu mzee hupewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa, na badala ya maswali ya dunia za wengine huulizwa mambo kama jina la kiongozi wa kijiji chake. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ukakadiria kwamba watu 6.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi huko Hai wana upungufu mkubwa wa akili. Njiti za kiberiti, bwana! Hakuna aliyehitaji mkopo wa Benki ya Dunia kwa hilo. Alihitajika mtu wa kukaa na wazee na kufikiri.

Na pasiwe na mtu wa kuniambia kwamba utafiti wa Afrika ni wa kuigiza ule wa wenzetu. Kwa miaka mingi madaktari duniani waliogopa kuwaanzishia wagonjwa levodopa mapema, wakihofu kwamba dawa hiyo ikitumika muda mrefu ndiyo inayoleta miruko ya mwili isiyozuilika. Waliosaidia kulitatua fumbo hilo ni wagonjwa wa Ghana, ambao kwa umaskini na umbali wa hospitali walichelewa kuipata dawa. Walipolinganishwa na wagonjwa wa Italia, katika utafiti wa mwaka 2014, ilionekana kwamba miruko hiyo hufuata umri wa ugonjwa, si umri wa matumizi ya dawa. Mwaka 2023 nao watafiti wa Nigeria na wenzao wa Uingereza na Marekani wakatangaza badiliko katika jeni iitwayo GBA1, linaloongeza hatari ya ugonjwa huu na ambalo hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Tafiti zilizotangulia, zilizofanywa hasa kwa watu wa asili ya Ulaya, hazikuwa zimeliona. Hivi sasa chuo kikuu cha Newcastle kinaongoza mradi unaoyahusisha mataifa kadhaa ya Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Hayo ni mema. Lakini mradi ukiongozwa kutoka Newcastle, maswali huzaliwa kwa Kiingereza na kuhamia kwetu wakiwa wameshabalehe.

Kwetu hali ikoje? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 ilisema kwamba Hazina itoe kila mwaka fedha za utafiti zinazolingana na asilimia 2 ya pato la taifa. Naliandika neno ilisema kwa makusudi. Kijana wetu akipata uzamifu leo, cheo cha mtafiti wa baada ya uzamifu kwake ni hadithi ya ng'ambo. Akibahatika kuajiriwa anakabidhiwa madarasa manne, moja lenye wanafunzi mia kadhaa, na rundo la mitihani ya kusahihisha lililo refu kuliko yeye. Asipobahatika anafundisha kwa vibarua vyuo vitatu kwa wakati mmoja. Aliye na hamu ya kuzichunguza nafsi za wagonjwa wa mtetemo hufunga mizigo, akaenda kuzichunguza nafsi za wagonjwa wa Kiholanzi. Simlaumu. Mimi nami nilitamani kwenda.

Lakini tusijifiche nyuma ya ukosefu wa fedha, maana kuna mambo ambayo hayahitaji fedha bali majirani kusalimiana. Idara ya Kiswahili na shule ya udaktari katika chuo kimoja hutenganishwa na barabara moja na bustani iliyokauka. Ni lini mwanafunzi wa uzamili wa isimu alipotumwa wodini kusikiliza jinsi wagonjwa wanavyoyataja maumivu yao? Tuna tasnifu zisizo na idadi juu ya taswira katika riwaya zile zile tano. Ilhali kuna swali moja linalongoja mwanaisimu wa Kiswahili kama shamba linavyongoja mvua. Tafiti za lugha za Ulaya, Kihispania kikiwamo, zimeonyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson hupata taabu zaidi katika vitenzi vya matendo kuliko katika majina ya vitu, kana kwamba mwili unaposhindwa kutenda, ulimi nao husitasita katika neno la kutenda. Katika lugha hizo kitenzi ni neno jepesi. Kwetu, neno moja kama hawakuandikiana limebeba kikanushi, watendaji, wakati, tendo, anayetendewa na kurudishiana. Mgonjwa wetu huanguka wapi katika ngazi hiyo? Katika mzizi au katika viambishi? Hilo ni swali la tasnifu kamili, na maabara yake ni kinasasauti na subira.

Nimeliweka mwisho jambo ambalo ni zito kuliko hayo yote. Mwezi Mei 2008, huko Kisii, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwezi Oktoba 2021, katika eneo la Marani, Kisii hiyo hiyo, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa mwaka baada ya mwaka, hata ikawa mtu anapaka nywele rangi nyeusi kwa ajili ya usalama wake. Sisemi kwamba waliouawa walikuwa na maradhi ninayoyazungumzia. Sina ushahidi, na mara nyingi kiini cha mauaji hayo ni mashamba. Nasema tu kwamba nimemtazama mjomba usiku: uso usiobadilika, macho yasiyopepesa, sauti ya chini isiyo na kiimbo, akiongea na watu ambao wengine hatuwaoni. Kila moja ya dalili hizo ina maelezo katika vitabu vya tiba. Na kila moja, machoni pa jirani mwenye hofu au mwenye tamaa ya shamba, ni ushahidi tosha. Alinusurika kwa sababu alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya wanakijiji. Asiyekuwa mwalimu atanusurika kwa sababu gani?

Kuna dhihaka moja ndogo katika kisa hiki. Nyuma ya nyumba ya mjomba, kwenye ua wa miti, humea upupu, ule ule tuliokuwa tukirushiana tulipokuwa watoto na kujikuna hadi machozi. Mbegu za mmea huo zina levodopa ndani yake, na mwaka 2017 zilichapishwa habari za majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa 18 huko Bolivia, ambamo unga wake ulilinganishwa na kidonge cha hospitali na haukuaibika. Nilipomsimulia mkazamjomba alitaka kwenda kuzichuma siku ile ile. Nilimzuia, kwa kuwa kipimo chake si cha kukisia kwa kijiko, na levodopa ikizidi huleta maruweruwe yale yale tunayoyakimbia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba dawa iko uani na haruhusiwi kuigusa.

Nilikwenda kumjulia hali wakati wa likizo ya Agosti. Vidonge anapata, kwa shida na kwa michango ya wanawe. Barua haandiki tena. Nilimshika mkono nikamwamkia, akanijibu marahaba kwa sauti ambayo ilinibidi niiinamie. Nikamwuliza habari za wanafunzi wake wa usiku. Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba wamefunga shule. Ni mmoja tu ambaye bado huja, akasema, naye hana matata, anangoja karatasi yake isahihishwe.